Muziki wa chemba wa utotoni: uanze na Mozart, Beethoven, Rossini au Mendelssohn?

Muziki wa chemba ni ule unaopigwa na watu wachache, wawili hadi wanane hivi, kila mmoja akiwa na nota zake peke yake na bila kiongozi wa kuwapungia fimbo. Anayeomba ushauri wa pa kuanzia mara nyingi huelekezwa kwenye kazi za watunzi waliokwisha kukomaa: kwateti (kazi za wapigaji wanne) za mwisho za Beethoven, au kwinteti (za watano) za Mozart. Ukubwa wa kazi hizo siupingi. Lakini ipo hazina nyingine isiyopewa nafasi majukwaani, nayo ni muziki wa chemba ambao watunzi haohao waliuandika wakiwa na miaka 7, 12, 14. Ni mfupi zaidi, hauhitaji masikio yaliyozoea, na baadhi yake ni mzuri kabisa, bila kuongeza maneno “kwa mtoto”.

Shida ni kuchagua. Jina la Mozart humvuta kila mtu, maana ndiye mtoto wa ajabu anayejulikana kuliko wote katika muziki wa Ulaya. Basi mtu hutafuta rekodi ya sonata zake za utotoni (sonata ni kazi ya vyombo yenye sehemu kadhaa), husikiliza dakika kumi, huona ni vitu vyepesi, kisha hudhani watoto wengine wote waliandika hivyohivyo. Nimeandika ulinganisho huu ili hilo lisikupate. Nimewaweka wanne pamoja: Mozart na sonata zake za 1764 hadi 1766, Beethoven na kwateti tatu za piano (yaani piano na vyombo vitatu vya nyuzi) za 1785, Rossini na sonata sita za watu wanne za 1804, na Mendelssohn na kwateti tatu za piano za 1822 hadi 1825.

Nimewapima kwa maswali matatu. La kwanza: je, vyombo vyote vina la kusema, au kimoja kinaimba na vingine vinaitikia tu? La pili: wapigaji wa kiwango gani wanahitajika? La tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa: ukifichwa umri wa mtunzi, bado ungetaka kusikiliza tena? Jibu langu nalitanguliza. Anayetaka kazi moja tu achukue kwateti ya Beethoven ya E-flati (hilo ni jina la ufunguo wake, yaani nota ambayo muziki unaizunguka). Ila mahitaji ya watu hayafanani, na kuna mazingira ambamo mimi mwenyewe ningekushauri uanze na mwingine.

Mozart: jina kubwa, fidla ya hiari

Mozart alizaliwa Salzburg Januari 1756. Mwaka 1763 baba yake, Leopold, alimchukua yeye na dada yake Nannerl kuzunguka miji ya Ulaya, safari iliyodumu zaidi ya miaka mitatu. Katika safari hiyo ndimo zilimotoka sonata zake za kwanza kuchapishwa. Paris, mwaka 1764, zilitoka nne (K. 6 hadi K. 9, herufi K. ni ya orodha ya kazi za Mozart iitwayo ya Köchel), mbili zikatunukiwa Victoire, binti wa mfalme wa Ufaransa. London, mwaka 1765, zikatoka sita (K. 10 hadi K. 15) kwa heshima ya Malkia Charlotte, aliyemlipa mtoto gini 50. The Hague, mwaka 1766, zikatoka sita nyingine (K. 26 hadi K. 31) kwa ajili ya Princess Caroline wa Nassau-Weilburg.

Jalada la kitabu cha Paris halimdanganyi mnunuzi: hizi ni sonata za hapsikodi, kinanda cha zamani chenye nyuzi za kukwanyuliwa, ambazo ukipenda unaweza kuzipiga pamoja na fidla. Mpiga fidla asipofika, muziki unaendelea. Sikiliza sehemu ya kwanza ya K. 6. Mkono wa kushoto wa kinanda unavunjavunja kodi (nota kadhaa za pamoja) zilezile bila kupumzika, mkono wa kulia unaimba, na fidla inashika nota ndefu au kurudia kwa sauti ya chini kilichokwisha kusemwa. Wala si ajabu, kwa sababu baadhi ya sehemu za sonata hizi zilianza kama vipande vya kinanda pekee ndani ya daftari la kujifunzia la Nannerl, na nyingi humo ziko kwa mwandiko wa baba.

Leopold alijua anauza nini. Mwanzoni mwa 1764 aliandika barua nyumbani akiwaza kelele zitakazotokea duniani watu wakisoma kwenye jalada kwamba mtunzi ana miaka 7. Baadaye, kitabu cha pili kilipotoka kikiwa na kosa la mfuatano wa nota ambalo yeye alikwisha kulisahihisha, alijifariji kwamba walau kosa hilo litathibitisha mtoto ndiye aliyeandika. Sonata hizi zilipokewa kama ushahidi kabla ya kupokewa kama muziki, na mpaka leo bado zinasikilizwa hivyo. Ndiyo sababu kwa swali langu la tatu nyingi zinaanguka.

Nyingi, si zote. Adagio (sehemu ya polepole) ya K. 7 ni wimbo wa kweli, mtulivu, wa mtu anayejua kungoja. Andante (sehemu ya mwendo wa wastani) ya K. 13 iko katika F maina (maina ni ufunguo wa sauti ya huzuni, meja ni wa sauti angavu) na ina giza ambalo mtu halitegemei kwa mtoto wa miaka 8. K. 14 ina minueti, ngoma ya zama hizo, inayoigiza kengele ndogo, na wanafunzi wadogo huipenda papo hapo. Sonata za London zina faida nyingine: zinaruhusu fluti badala ya fidla, na selo inaweza kuongezwa. Na ukisikiliza zile za The Hague, zilizoandikwa baada ya ndugu wale wawili kuugua homa ya matumbo hadi kukaribia kufa, unasikia fidla ikianza kupata sauti yake. Mtoto alikuwa amekwisha kuwasikia watunzi Johann Schobert kule Paris na Johann Christian Bach kule London, na alichokisikia hakikupotea.

Kwa anayejifunza au kufundisha, hapa pana kitu. Kwa msikilizaji anayetaka kuguswa, Mozart wa umri huu si mlango mzuri.

Beethoven: alizoziacha kabatini

Sasa tuingie Bonn, mwaka 1785. Ludwig van Beethoven ana miaka 14, ingawa kwenye karatasi zake imeandikwa 13. Miaka yake ya utotoni ilihesabiwa pungufu mara kadhaa. Baba yake, Johann, ni mwimbaji wa ikulu mwenye tatizo la pombe. Mwalimu wake, Christian Gottlob Neefe, alikwisha kuandika gazetini mwaka 1783 kwamba kijana huyu akiendelea alivyoanza atakuwa Mozart wa pili. Tayari ana mshahara wa ikulu kama msaidizi wa mpiga ogani. Katika hali hiyo anaandika kwateti tatu za piano, fidla, viola na selo: moja ya E-flati meja, moja ya D meja, moja ya C meja. Leo zinaitwa WoO 36, alama inayopewa kazi zake zisizo na namba ya Op. (opus, namba ambayo kazi hupewa inapochapishwa).

Kwanza fikiria alichokuwa akikijaribu. Piano na nyuzi hizo tatu ulikuwa mpangilio ambao karibu hakuna aliyeuandikia. Kwateti ya piano ya Mozart ya G maina, ambayo wengi huihesabu kuwa msingi wa aina hii, ilikamilika Oktoba ya mwaka huohuo wa 1785 kule Vienna, kwa hiyo kijana wa Bonn hakuwa nayo mezani. Alichokuwa nacho ni sonata za Mozart za fidla na piano zilizochapishwa Vienna mwaka 1781. Ukiziweka sambamba unaona namna alivyojifunza. Kwateti ya E-flati imefuata ramani ya sonata ya Mozart K. 379: utangulizi mrefu wa polepole, kisha sehemu ya haraka katika maina, kisha wimbo rahisi na variesheni zake (marudio yake yaliyobadilishwa).

Lakini angalia anavyoitumia ramani ile. Mozart anatoka G meja kwenda G maina, njia ya kawaida. Beethoven anatoka E-flati meja na kutumbukia katika E-flati maina, ufunguo wenye flati sita, ambao wapigaji wa nyuzi wa zama hizo waliuona kwa nadra sana. Utangulizi unasonga taratibu, piano inapamba kila mstari, kila kitu kina adabu zake. Halafu, bila kusimama ili watu wavute pumzi, mlango unafunguliwa kwa nguvu na Allegro inaanza. Mtu anayemjua Beethoven wa utu uzima humtambua hapo hapo: hasira ileile, mikato ileile ya ghafla kutoka sauti kubwa kwenda ndogo. Hakuna haja ya kuambiwa umri wake.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayojibu swali langu la kwanza. Wimbo ni mfupi na mwepesi kushika. Variesheni zinapoanza, zamu hupita kama kwenye baraza ambako hata mdogo hupewa nafasi aseme: fidla inapata yake, viola inapata yake, selo inapata yake. Viola kupewa uongozi katika mwaka 1785 si jambo dogo. Miaka michache baadaye Beethoven mwenyewe aliajiriwa kupiga viola katika okestra ya ikulu ileile, na ukimsikiliza hapa unaona tayari alikijali chombo hicho.

Kasoro zipo na sitazificha. Piano inatawala mno. Selo, nje ya zamu yake, kwa sehemu kubwa inatembea pamoja na mkono wa kushoto wa piano. Katika kwateti ya D kuna kurasa ambazo kijana anajaza nafasi kwa mbio za vidole, ingawa sehemu yake ya katikati, Andante ya F-sharpi maina, ina huzuni inayostahili kusikilizwa.

Ile ya C inavutia kwa sababu nyingine. Beethoven hakuzichapisha kwateti hizi maisha yake yote, ila hakuzisahau. Alipotoa sonata zake za kwanza za piano kule Vienna, Op. 2 ya mwaka 1796, alirudi kwenye kwateti ya C na kuchota. Adagio ya sonata ya kwanza, ile ya F maina, imejengwa juu ya wimbo wa Adagio ya kwateti hii. Na katika sehemu ya kwanza ya sonata ya tatu kuna kipande kilichohamishwa kutoka sehemu ya kwanza ya kwateti. Fanya jaribio hili: sikiliza Adagio ya kwateti, kisha ile ya sonata, bila kitu kingine katikati. Wimbo ni uleule, umekaa juu ya nota zilezile za F meja. Katika sonata umepunguzwa, umebanwa, na muendelezo wake ni mpya. Unamsikia mtu wa miaka 25 akimsoma mvulana wa miaka 14, akichukua kilichofaa na kuacha kingine. Sijui njia nyepesi kuliko hiyo ya kumwonyesha mwanafunzi wa utunzi kazi ya kuhariri ikoje.

Beethoven alifariki Machi 1827. Kwateti zilichapishwa na Artaria wa Vienna mwaka 1828, kampuni ileile iliyotoa zile sonata za Mozart alizojifunzia. Kwa kutokea hivyo, baada ya kifo, bila namba ya Op., nyuma ya kwateti zake za nyuzi zilizokwisha kuitetemesha Ulaya, hazikupata mtu wa kuzitetea. Hakuandika tena kwateti ya piano iliyo mpya. Iliyopo nyingine ni kwinteti yake ya Op. 16 aliyoipanga upya. Wapigaji wanaotafuta kwateti ya piano hukimbilia zile mbili za Mozart au tatu za Brahms, na hizi hubaki rafu ya chini. Nasikitika kila nikiona programu ya tamasha la piano na nyuzi yenye jina la Beethoven bila kazi hizi.

Rossini: furaha ya siku tatu

Gioachino Rossini alizaliwa Pesaro Februari 29, 1792, baba mpiga baragumu, mama mwimbaji. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliyoyaandika uzeeni juu ya nota zenyewe, sonata hizi sita alizitunga na kuzinakili kwa siku tatu mwaka 1804, akiwa hajasoma hata somo moja la kuambatanisha sauti, katika nyumba ya shambani ya rafiki yake Agostino Triossi karibu na Ravenna. Triossi alipiga besi kubwa, binamu wawili wa Triossi wakapiga fidla ya kwanza na selo, na Rossini mwenyewe akashika fidla ya pili. Aliziita sonata mbaya na kusema wote walipiga hovyo. Asikukatishe tamaa, katika hilo la kwanza alijidhulumu.

Mpangilio unatokana na waliokuwepo nyumbani siku ile: fidla mbili, selo, besi kubwa, hakuna viola. Na kwa kuwa mwenye nyumba alipiga besi, besi ikapewa heshima isiyopata popote kwingine. Sikiliza sehemu ya mwisho ya sonata ya tatu, ya C: wimbo unazunguka kwa variesheni, na ghafla besi kubwa, chombo ambacho kazi yake ya kila siku ni kushikilia chini, inapewa variesheni yake na kucheza kwa mikogo. Sonata ya sita, ya D, inamalizika na dhoruba: fidla zinatetemeka, mvua inapita, kunatulia. Miaka mingi baadaye Rossini aliandika dhoruba nyingine katika opera zake, na mbegu yake iko hapa.

Hapa pana jambo linalotuhusu moja kwa moja. Vikundi vya taarab asilia vya Unguja vina fidla kadhaa, selo na besi kubwa, na mara nyingi viola haimo. Yaani kwa bahati tu, kijana wa miaka 12 kule Italia aliandika muziki unaolingana na nyuzi ambazo Zanzibar inazo tayari. Vijana wanaojifunza fidla na besi Zanzibar wakitaka kujaribu chemba ya Ulaya, hawana haja ya kutafuta mtu wa viola. Waanze hapa. Wajue tu kwamba fidla ya kwanza ina mbio za vidole zinazotaka mtu aliyeiva, na kwamba mpiga besi hatajificha.

Angalizo kwa msikilizaji: rekodi nyingi za sonata hizi zinapigwa na okestra nzima ya nyuzi. Sauti inapendeza ila utani wa wanne unapotea. Tafuta rekodi ya watu wanne. Pia usichanganywe na zile zinazoitwa kwateti za nyuzi za Rossini zenye viola, au za vyombo vya kupuliza. Hizo ni mipangilio ya baadaye. Toleo lenye besi lilijulikana upya baada ya hati yake kupatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, na kuchapishwa katikati ya karne ya 20.

Je, zina kina? Hapana, na hazikudai. Ukifichwa umri wa mtunzi utasikiliza tena kwa sababu zinafurahisha. Sababu hiyo inatosha, lakini haifikii kile Beethoven anachokifanya katika E-flati maina.

Mendelssohn: ufundi uliokamilika

Goethe, mshairi mkuu wa Ujerumani, ni mtu aliyewasikia watoto wawili kati ya hawa wanne. Mwaka 1763, akiwa na miaka 14 hivi, alimwona Mozart mdogo akipiga Frankfurt. Mwaka 1821, mzee wa miaka 72, aliletewa Weimar mvulana wa miaka 12 aitwaye Felix Mendelssohn. Imesimuliwa kwamba alisema Felix ukimlinganisha na Mozart wa umri wa utoto ni kama maneno ya mtu mzima mbele ya lugha ya mtoto anayejifunza kusema. Kwa muziki wa chemba, nakubaliana naye kabisa.

Felix alizaliwa Hamburg mwaka 1809 na kukulia Berlin katika nyumba ya benki, nyumba yenye walimu wa kila somo na matamasha ya Jumapili ambako wapigaji wa kulipwa walikuja kupiga alichokiandika wiki ile. Hakuna kati ya wengine watatu aliyekuwa na hali hiyo. Kwateti yake ya kwanza, C maina, ilikamilika mwaka 1822 wakati familia iko safarini Uswisi. Ya pili, F maina, ni ya 1823, kwa heshima ya mwalimu wake Zelter. Ya tatu, B maina, ilikamilika mwanzoni mwa 1825, kwa heshima ya Goethe. Hizi ndizo Op. 1, 2 na 3. Wakati Beethoven aliziacha zake kabatini, Mendelssohn alizichagua hizi kuwa za kwanza kuonyesha ulimwengu.

Ya tatu ndiyo ya kutafuta. Baba yake, Abraham, alikwenda naye Paris mwaka 1825 kupata hukumu ya Cherubini, mkuu wa Konsavatori, kama mtoto huyu anastahili kuishi kwa muziki. Kwateti ya B maina ilipigwa mbele yake, na mzee yule, aliyeogopwa kwa ugumu wa kusifu, aliridhika. Ukisikiliza sehemu ya tatu unajua kwa nini. Ni skerzo (kipande chepesi cha kiutani) ya haraka katika F-sharpi maina, piano ikikimbia kwa sauti ndogo bila kukanyaga chini, nyuzi zikigusa na kuondoka. Namna hiyo ya kuandika haikuwa ya mtu mwingine. Miezi michache baadaye, Oktoba 1825, iliingia katika Okteti yake maarufu, kazi ya wapigaji wanane, na tangu hapo Okteti ikameza sifa zote, kwateti ikaachwa nyuma.

Lakini ile ya kwanza na ya pili? Ya kwanza ni Mozart na Beethoven waliofundishwa vizuri darasani, safi, na ina skerzo nzuri. Ya pili ina Adagio yenye joto. Sioni sababu ya mtu kuanza nazo wakati ya tatu ipo.

Siwezi kuiacha nyumba hiyo bila kumtaja dada yake. Fanny Mendelssohn aliandika kwateti ya piano ya A-flati mwaka 1822, akiwa kijana wa kike wa miaka 16 hadi 17, mwaka uleule wa Op. 1 ya mdogo wake. Baba alikwisha kumwandikia kwamba kwa Felix muziki huenda ukawa kazi, ila kwake yeye uwe pambo tu. Kwa hiyo kazi ya Felix ilichapishwa bila kuchelewa, yake ikakaa bila kuchapishwa kwa zaidi ya karne moja na nusu. Isikilize baada ya Op. 1 na uamue mwenyewe kama tofauti ya nafasi waliyopewa ilitokana na tofauti ya uwezo. Mimi naona haikutokana nayo.

Beethoven na Mendelssohn ana kwa ana

Rossini na Mozart wana matumizi yao ya wazi. Uamuzi mgumu uko kati ya hawa wawili, maana wote wameandika kwa vyombo vilevile vinne.

Kwa ufundi Mendelssohn anashinda, na si kwa mbali kidogo. Anajua sehemu ikizidi urefu afanye nini, anajua kuifanya selo iimbe, na sehemu zake nne zinasimama pamoja kama kazi moja. Kwa ujasiri anashinda Beethoven. Mendelssohn wa miaka 15 anafanya vizuri mno mambo ambayo wengine walikwisha kuyafanya, isipokuwa katika ile skerzo. Beethoven wa miaka 14 anafanya, wakati mwingine kwa mikono mizito, mambo ambayo hakuna aliyekuwa amemwonyesha. Katika Mendelssohn nasikia malezi mazuri. Katika Beethoven nasikia mtu.

Urefu nao uzingatiwe. Op. 3 ya Mendelssohn inazidi nusu saa. Kwateti za Beethoven ni za sehemu tatu kila moja, na ile ya C haifiki dakika ishirini. Kwa mpigaji wa piano, Mendelssohn ni kazi ya kutoa jasho toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Asiye na vidole vilivyokomaa asijaribu Op. 3 mbele za watu. Beethoven anamtaka mwanafunzi wa juu, naye akijituma anafika. Wapigaji wa nyuzi wa kiwango cha kati wanaweza kuzipiga zote tatu za Beethoven kwa raha, jambo nisilothubutu kulisema kuhusu Mendelssohn.

Basi, ukiwa mwalimu mwenye mtoto wa piano na mtoto wa fidla au fluti wanaoanza kupiga pamoja, chukua Mozart wa London, ufungue K. 14. Mkiwa na fidla mbili, selo na besi bila piano, ni Rossini, na sonata ya tatu ndiyo ya kwanza. Mkiwa na mpiga piano hodari anayelalamika kwamba hana cha kumpa kazi, mpe Mendelssohn wa B maina. Kwa wengine wote, na kwa msikilizaji wa kawaida mwenye jioni moja na spika nzuri, ni Beethoven: E-flati leo, C kesho pamoja na sonata za Op. 2, ile ya D ikiwa bado una hamu.

Nota za kazi zote hizi, ukiacha ya Fanny ambayo utahitaji toleo la kisasa, zimekwisha kutoka kwenye hakimiliki na matoleo ya zamani yanapatikana bure mtandaoni. Unapotafuta za Beethoven, amini ufunguo, usiamini namba. Hati ya mkono wake inaanza na C, inafuata E-flati, kisha D. Waliochapisha walianza na E-flati, wakaweka D, wakamalizia na C. Kwa hiyo “kwateti namba 1” ya rekodi moja yaweza isiwe namba 1 ya nyingine, na unayoitaka kwanza ni ile inayoanza kwa Adagio assai.